Waya Mweusi kwenye Gita la Mpwa Wangu

Tarehe 9 Machi

Mvua ya kwanza. Naanza daftari hili kwa sababu watu wenye kichwa kama changu wakiondoka bila kuandika, dunia inabaki kubahatisha. Daftari ni la dada yangu mkubwa, fundi cherehani, la vipimo vya wateja. Kurasa za mbele zimejaa viuno na mabega. Mimi naanzia nyuma nikija mbele, na siku moja nitakutana na kiuno cha mtu katikati.

Niseme mimi ni nani, kwa faida ya watakaosoma baada ya miaka mia. Mimi ni mjomba. Shule niliishia darasa la sita, si kwa kushindwa. Mwalimu mwenyewe alikuja nyumbani akamwambia baba kwamba nikiendelea kukaa darasani wenzangu watakata tamaa. Ninakaa chumba cha uani kwa dada, pamoja na binti yake, mpwa wangu, mwenye miaka ishirini na miwili, ambaye akipiga gita hata bati la nyumba hukaa vizuri kusikiliza.

Leo bati limesikiliza mvua.

Tarehe 11 Machi

Mpwa wangu ameingia chumbani kwangu amelowa mpaka kope, amekumbatia kifurushi ndani ya koti kama mtoto mchanga.

"Mjomba, zimefika."

"Nilijua," nikasema. Sikujua ni nini.

Ndani mna pikapu mbili mpya za gita. Kwa wasiojua: pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba kuliko unywele, mizunguko maelfu kwa maelfu. Inakaa chini ya nyuzi za gita. Uzi ukitikisika, yenyewe inasikia na kupeleka habari kwenye spika. Gita la mpwa wangu lina mbili, ya shingoni na ya mkiani. Zile za zamani moja imekufa kabisa, nyingine inalia kama birika.

Akakaa kitandani, maji yakimtiririka, akaniambia jambo lenyewe. Bendi ya ukumbini imepungukiwa mpiga gita wa pili. Mvua zikiisha wanaanza safari ya miezi minane, mji kwa mji. Kiongozi wao, Mpiga Besi, amemwambia aende mwanzoni mwa Mei wamsikilize. Ila ametoa sharti: njiani hakuna fundi, kwa hiyo anayeingia lazima aijue ala yake mpaka utumbo.

"Nataka nizifunge mwenyewe," akasema. "Wewe unifundishe."

"Mimi?"

"Si wewe uliyetengeneza redio ya meli kwa kijiko?"

Ni kweli hadithi hiyo nimeisimulia. Meli imekwama, abiria mia nne wanalia, nahodha amepiga magoti, mimi natoa kijiko mfukoni. Nimemsimulia tangu ana miaka minne, na kila mwaka abiria wanaongezeka.

"Kilikuwa kijiko cha chai," nikasema. "Kikubwa kingeunguza."

Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Mimi sijawahi kushika hata waya wa redio. Lakini wewe ukiniambia nimepatia, nitajua nimepatia."

Ametoka, na sakafuni pamebaki umbo la nyayo zake kwa maji. Nimezitazama mpaka zikakauka. Chuma cha kulehemu sijakishika bado, hilo nalisema wazi. Lakini nimekitazama sana, na kutazama kwangu si kama kutazama kwa watu wengine.

Tarehe 14 Machi

Umeme hakuna. Mvua ipo.

Tarehe 15 Machi

Kinyozi wa pale kona ana chuma cha kulehemu, hutengenezea mashine zake za kunyolea. Ananiita Injinia, na akisema Injinia wateja wote wanacheka, hata aliye na wembe shingoni.

"Injinia, leo unajenga nini? Ndege?"

"Gita la umeme."

"Ohoo! Si juzi tu nilikuomba unibadilishie balbu hapa, ukasema mgongo?"

"Mgongo na ubongo ni viungo viwili."

Amenipa. Amenipa na lehemu yenyewe, ule waya laini wa kijivu unaoyeyuka na kutoa moshi wenye harufu ya msitu. "Kirudi kikiwa na ncha yake," akasema, "na wewe ukiwa na vidole vyako."

Tarehe 18 Machi

Nilitaka kumshtua mpwa wangu. Alipokwenda kumpelekea mteja gauni, nikalifungua gita lake mgongoni, nikakata kila kilichokuwa ndani. Ndani ya gita kuna chumba kidogo, giza, kina vumbi la miaka na harufu ya ubao wa zamani. Nilivuta nyaya moja moja, zikaja na vumbi lake, mvua inasema juu ya bati, nikajiona kama mtu anayefumua kiota bila kujua ni cha ndege gani.

Amerudi akakuta zimelala mezani kama tambi.

"Mjomba! Ulizichora kwanza? Ulipiga picha?"

"Picha ya nini? Yote yamo humu." Nikajigonga paji la uso.

Akanitazama paji la uso kwa muda. Kisha akavuta kiti, akakaa, akasema, "Haya. Tuanze."

Ile imani yake ni mzigo. Nilibeba magunia bandarini nikiwa kijana, mawili begani na moja kwa meno, lakini mzigo wa namna hii bado.

Tarehe 20 Machi

Lehemu haikamati. Mimi nayeyusha tone kwenye ncha ya chuma, nalipeleka mahali pake kwa heshima zote, linadondoka na kubingirika mezani. Mpaka saa tisa meza ilikuwa imejaa vishanga vya kijivu. Dada akapita na tepu shingoni.

"Mnatengeneza gita au mnatengeneza cheni?"

"Ni hatua ya kwanza," nikamwambia. "Inaitwa kupoza."

Mpwa wangu alikuwa anatazama. Akasema taratibu, "Mjomba, labda chuma kiguse ule waya kwanza mpaka upate moto wenyewe, halafu ndiyo lehemu iguse waya. Isichukuliwe kwa chuma."

Akajaribu. Tone likatanuka, likang'aa, likatulia kama jicho la samaki.

"Hapo ndipo nilipokuwa nakupeleka," nikasema.

Kidole gumba cha kulia kimeungua. Sikulia. Nilitoka nje kutazama mvua kwa karibu.

Tarehe 21 Machi

Kidole kimevimba. Mvua.

Tarehe 24 Machi

Leo nimefunga pikapu ya shingoni, mimi mwenyewe, kwa mkono wa kushoto. Mwandishi na msomaji tupumzike kidogo tulifurahie hilo.

Pikapu inatoa nyaya tano: mweusi, wa kijani, mwekundu, mweupe, na mmoja ulio uchi. Imekuja na karatasi ya lugha ngeni, yenye mchoro. Mpwa wangu ameisoma usiku kucha, anaelewa lugha hiyo zaidi yangu, maana mimi niliondoka shule kabla hawajafika huko.

"Inasema mwekundu na mweupe unazifunga pamoja na kuziziba kwa tepu," akasema. "Wa kijani na ulio uchi ndizo za ethi, upande wa ardhini. Mweusi ndio unaobeba sauti."

Nikacheka mpaka kiti kikatoa mlio. "Mweusi ubebe sauti? Mama, mweusi ni ethi dunia nzima. Kwenye gari, kwenye redio, kwenye spika. Hiyo karatasi imeandikwa na mtu wa ofisini."

"Lakini mchoro..."

"Nani alikuwa kwenye meli? Mimi au mchoro?"

Akaikunja karatasi. Nikalehemu mweusi kwenye ethi, wa kijani kwenye njia ya sauti. Ikashika. Nilipuliza moshi ukaenda ukapotelea kwenye mwanga wa dirishani, ambapo matone yalikuwa yanashuka kioo kwa kufuatana, moja likimeza jingine. Muda mrefu hatukusema kitu. Nimewahi kukaa na watu wakubwa, lakini ukimya ule ulikuwa mtamu.

Tarehe 25 Machi

Nililala mchana. Nimeota nimeshika ncha ya ule waya wa ndani ya pikapu, mwembamba kama unywele, naufuata kwa miguu. Nikazunguka na kuzunguka, kila mzunguko napita mlango uleule, na mlangoni kila mara yuko mpwa wangu, mzunguko huu ana miaka minne, unaofuata sita, unaofuata kumi. Kila nikipita ananiuliza, "Abiria walikuwa wangapi?" Nami naongeza. Mwisho nikapita, mlango uko wazi, hamna mtu.

Niliamka, cherehani ya dada inakwenda, mvua inakwenda, sikujua ipi ni ipi.

Tarehe 29 Machi

Kidole bado. Nikamwambia mpwa wangu ya mkiani afunge yeye, kama zoezi, mimi niwe msimamizi. Nilisimamia nikiwa nimeegemea mto.

Sijui nilisinzia dakika ngapi. Nilipofumbua macho amekwisha. Alikuwa ameinamia ile kazi, ulimi umetokeza kwenye pembe ya mdomo kama alivyokuwa akifanya akiandika a, e, i, o, u. Viungo vyake vya lehemu vinang'aa vyote, hakuna hata kimoja chenye uvimbe. Vyangu vina uvimbe. Uvimbe ni nguvu.

"Nimepatia, Mjomba?"

Nikavaa miwani, nikatazama kwa muda unaostahili.

"Umepatia," nikasema. Uso wake ulivyofunguka, hata chumba kilipata dirisha la pili.

Tarehe 1 Aprili

Umeme hakuna.

Tarehe 2 Aprili

Hakuna. Kinyozi ananyoa kwa mkasi. Anasema nimeuunguza mji mzima.

Tarehe 5 Aprili

Umeme umerudi saa nne asubuhi. Tumeweka nyuzi, tumechomeka spika. Swichi ya gita ina njia tatu: shingoni, mkiani, na katikati ambapo zote mbili zinaimba pamoja.

Shingoni: sauti nene, tamu, kama mtu anayeongea akiwa ameshiba. Nikapiga kofi. Dada akasimamisha cherehani.

Mkiani: kali, safi, inakata. Nikapiga kofi tena, ingawa si yangu.

Katikati: mpwa wangu akapiga, na sauti ikaondoka. Haikufa. Iliondoka. Ilibaki nyembamba, tupu tumboni, kama mtu anayeimba ndani ya mtungi nyumba ya tatu kutoka hapa, na mvua katikati yenu. Akapiga tena. Ileile. Sitasema uongo kwenye karatasi, kwa namna fulani ilikuwa nzuri, ilinitia usingizi na huzuni kwa pamoja. Lakini Mpiga Besi ametaka njia ya katikati. Nyimbo zao zote, mpwa wangu anasema, gita la pili linapigwa katikati.

"Ndio mtindo wa kisasa," nikasema.

"Mjomba."

"Haya. Kuna moja imekosewa."

"Ipi?"

Na hapo mdomo wangu ukatangulia, kama kawaida yake, mimi nikafuata nyuma. "Yangu nimeifunga kama ninavyofunga siku zote," nikasema.

Akatazama mikono yake. Si gita, mikono.

Tarehe 6 Aprili

Mvua. Hakupiga gita.

Tarehe 7 Aprili

Mvua. Hakupiga gita.

Tarehe 9 Aprili

Mvua. Amepiga kidogo, shingoni tu. Pikapu yangu tu. Nilipaswa kufurahi.

Tarehe 12 Aprili

Amekwenda mwenyewe kwa kinyozi kuazima mita ya kupimia, ile ya mshale. Wazo hilo hakulipata kwangu. Akaunganisha nyaya mbili za mita kwenye tundu la gita, akaweka swichi shingoni, akaigusa pikapu kwa bisibisi, halafu akaibandua bisibisi ghafla. Mshale ukaruka kushoto. Akaweka mkiani, akagusa, akabandua. Mshale ukaruka kulia.

Akarudia mara tano. Kushoto, kulia. Mimi niko mlangoni.

"Zinapingana," akasema. Macho yake yalikuwa yanang'aa, amesahau kuwa amehuzunika. "Umeona, Mjomba? Uzi mmoja unatikisika, hii inasukuma, hii inavuta. Ndiyo maana zikiwa pamoja zinamezana. Tukigeuza nyaya za moja tu zitakubaliana. Yoyote."

"Hodari," nikasema.

"Sasa tugeuze ipi?" Akangoja. Akaichukua ile karatasi, akaiweka mezani katikati yetu, akailainisha mikunjo kwa kiganja.

Alikuwa ananipa mlango. Nilikuwa nauona kabisa mlango.

"Geuza yako," nikasema. "Yangu iko sawa."

"Sawa, Mjomba." Akaikunja karatasi. "Basi ni mimi."

Umeme ukakatika wakati huohuo, asiweze kufanya lolote. Nimeshukuru umeme kukatika.

Tarehe 13 Aprili

Ameacha karatasi mezani, nami nimeichukua. Lugha siijui, lakini mstari ni mstari. Nimeweka kidole, kile kilichoungua, juu ya mstari mweusi kwenye mchoro, nikaufuata. Haukwenda ethi. Umepinda, umepita chini, umeingia kwenye swichi, umekwenda zake kwenye sauti. Nimefuata wa kijani. Umekwenda ethi. Nimerudia mara nyingi kuliko ninavyotaka kuandika.

Yake ndiyo iliyofungwa sawa. Yangu ndiyo kinyume.

Lakini sasa tufikirie kwa utaratibu, kama watu wazima. Akigeuza yake, gita litaimba. Mwenyewe amesema yoyote. Hakuna atakayedhurika. Ataingia bendi. Au labda kwa kuona mikono yake si ya kuaminika, hatakwenda. Miezi minane ni mingi. Nani atakuwa anakaa kitandani kwangu akilowesha shuka na kuuliza mambo?

Nimeandika hayo nikayasoma. Nimeyaacha. Siku hizi mvua inanyesha hata ndani ya kalamu.

Tarehe 14 Aprili

Nilikwenda kwa dada kutafuta kitufe cha shati. Alikuwa anafumua kola, sindano mdomoni. Akasema bila kunitazama:

"Mwanangu ana nini?"

"Hali ya hewa."

"We bwana, mimi si abiria wa meli yako." Akatoa sindano mdomoni. "Wakati najifunza, mwalimu wangu alinipa kipimo kisicho sahihi. Yeye ndiye aliyekosea, akaogopa mteja, akaichukua kola niliyoshona vizuri kabisa akaifumua mbele yangu, akasema nimeharibu. Mwaka mzima sikuweza kushona kola. Mashati nilikuwa nashona yote, nikifika shingoni mkono unatetemeka, nawapa wenzangu."

"Halafu?"

"Halafu siku moja mke wake akaniambia ukweli. Mkono ukaacha." Akaendelea kufumua. "Kitufe kiko kwenye kopo la bluu."

Miaka yote nimemwona dada kama mtu asiyejua hadithi. Kumbe anazo. Hazitumii tu ovyo.

Tarehe 16 Aprili

Umeme umerudi jioni, mpwa wangu akasema atageuza yake kesho asubuhi, kuna mwanga mzuri.

Tarehe 17 Aprili

Nitaandika yote, hata kama nitafika kwenye viuno.

Mvua ilikuwa nyembamba, ile isiyogonga bati bali inalipapasa. Mpwa wangu ameweka gita mezani kifudifudi, chini ameweka vipande vya kitambaa vya mama yake lisikwaruzike. Chuma kimepata moto. Mimi nimekaa kwenye kiti changu cha msimamizi.

Akakipeleka chuma kwenye kiungo chake cha kwanza, kile chenye kung'aa kama jicho la samaki. Na mkono wake ulikuwa unatetemeka. Mkono uleule wa tarehe ishirini na tisa. Akakirudisha chuma kwenye kishikio. Akakichukua tena, ncha ikagusa ukingo wa plastiki, ikatoa moshi mbaya.

"Samahani," akasema. Ananiambia mimi samahani.

"Pole pole," nikasema.

"Sijui kwa nini siku ile nilidhani nimepatia." Alikuwa anaongea na gita. "Nilisikia kabisa kwamba nimepatia. Sasa wakiniuliza kule ukumbini nitasema nini? Mtu asiyeweza kujua amepatia au amekosea, anakwenda safari kufanya nini? Nadhani niwaambie tu watafute mwingine, Mjomba."

Kile nilichokitaka kikaja kikakaa mezani, mbele yangu, kimeiva. Nikakitazama. Jamani, kilikuwa kibaya.

Akakinyanyua chuma mara ya tatu.

"Acha," nikasema.

"Nini?"

"Usiguse. Yako iko sawa. Weka chuma chini kwanza, kitakuunguza ukikasirika." Akakiweka. "Mweusi wangu ndio umekosewa. Karatasi ilisema, wewe ulisema, mimi nikacheka. Tarehe kumi na tatu nimeifuata kwa kidole nikaona. Nimekaa na ukweli huo siku nne."

Akageukia dirisha. Nje kuna maji yalikuwa yanadondoka kwenye ndoo, tone, halafu kitambo, halafu tone.

"Mjomba, uliwahi kushika chuma cha kulehemu kabla ya mwezi uliopita?"

"Sijawahi."

"Na redio ya meli?"

"Kijiko kilikuwepo."

"Na meli?"

"Meli niliiona. Kwa mbali. Ilikuwa inapita vizuri tu."

Akaweka viganja usoni, mabega yakaanza kutikisika, nami nikajua nimemwua mtoto wa watu. Kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanatoka, vyote kwa pamoja, kisha kicheko kikaisha yakabaki machozi.

"Hadithi sijali," akasema. "Hadithi nilishajua nikiwa na miaka tisa. Nilikuwa nauliza abiria wangapi ili nione utapandisha mpaka wapi. Lakini hii haikuwa hadithi, Mjomba. Hii ilikuwa mikono yangu."

Nimewahi kupigwa. Nimewahi kuanguka kutoka juu ya paa, na hiyo ni kweli, kuna kovu. Hakuna kilichoingia kama hilo.

"Nisamehe, mama."

Akafuta uso kwa kipande cha kitambaa cha kitenge, akajifuta na pua.

"Shika tochi," akasema. "Mulika ya shingoni. Na usisinzie."

Nikamulika. Akaufumua mweusi wangu, akafumua wa kijani, akakwangua uvimbe wangu wote mpaka pakawa safi, hakusema neno la dhihaka ingawa nafasi alikuwa nayo. Akaupeleka mweusi kwenye sauti na wa kijani kwenye ethi. Mkono ulikuwa umetulia kabisa. Moshi ulipanda ukapita katikati ya nyuso zetu, msitu ule, na kwa mara ya kwanza nilitazama kweli jinsi kazi inavyofanywa.

Alipowasha na kuweka swichi katikati, sauti ikarudi nyumbani. Sijui niandike vipi. Ilikuwa na kifua. Dada akasimamisha cherehani, akaja mlangoni, akasimama na nusu ya gauni mkononi mpaka wimbo ukaisha.

"Nimepatia," mpwa wangu akasema. Hakuuliza.

Tarehe 18 Aprili

Sijalala vizuri. Amenisalimia asubuhi kwa salamu fupi.

Tarehe 20 Aprili

Salamu fupi. Anapiga mchana kutwa.

Tarehe 23 Aprili

Ameleta chuma na kipande cha ubao chenye misumari, akaniwekea mezani. "Fanya mazoezi kumi. Chuma kiguse nyaya kwanza." Nimefanya kumi. Amekubali mbili. Mbili!

Tarehe 27 Aprili

Mvua imepungua. Leo amekaa kitandani kwangu, kavu.

Tarehe 6 Mei

Ukumbini mchana. Viti vimepinduliwa juu ya meza, mwanga unaingia kwa madirisha ya juu na vumbi linaogelea ndani yake bila haraka. Dada na mimi tumekaa nyuma kabisa. Mpwa wangu amepiga nyimbo tatu, zote katikati. Sitaandika alivyopiga, kwa sababu mimi ndiye ninayeandika na hakuna atakayeniamini.

Mpiga Besi, mtu mrefu asiyecheka, akaomba bisibisi. Akalifungua gita mgongoni mbele ya wote, akamulika kwa simu, akatazama mle ndani mpaka nikaanza kuhesabu viti.

"Nani amefunga?"

"Mimi."

"Hii ya shingoni imefumuliwa ikarudiwa. Na plastiki hapo pembeni imeungua kidogo. Kwa nini?"

Nikafungua mdomo. Dada akanikanyaga mguu, kisigino kizima.

"Ilikuwa imefungwa kinyume," akasema mpwa wangu. "Katikati ilikuwa inapotea. Nikasikia, nikapima, nikageuza."

"Ulijuaje kwamba ni hiyo na si ile nyingine?"

"Ile nyingine nilikuwa na uhakika nayo."

Mpiga Besi akakirudisha kifuniko, akakaza skrubu moja moja. "Tunaondoka Jumamosi," akasema. "Uje na chuma chako."

Njiani kurudi nyumbani barabara ilikuwa imekauka katikati na bado na maji pembeni. Alitembea katikati ya mimi na mama yake, gita mgongoni, na hakuna kati yetu aliyetaka kufika.

Tarehe 13 Mei

Ameondoka jana na basi la bendi. Nyumba ina cherehani tu.

Nimemrudishia kinyozi mita yake na chuma chake. Kumbe mpwa wangu alishajipatia kingine. Kulikuwa na watu watano wanangoja kunyolewa, na mmoja kitini aliyenyolewa nusu.

"Injinia!" kinyozi akapaza sauti. "Nasikia gita lako limechukuliwa na bendi! Jamani, nyamazeni. Hebu tupe, ulilifunga vipi?"

Wote wakageuka. Mashine ikazimwa. Uso wa kila mtu ulikuwa umeshaanza kucheka upande mmoja, ukinisubiri. Na hadithi ilikuwa tayari, naapa, ilikuwa imesimama kooni imevaa kabisa: radi, umeme umekatika, mimi nashika waya kwa meno.

"Alilifunga mpwa wangu," nikasema. "Pikapu zote mbili. Moja nilijaribu mimi nikaikosea, akaifumua akaifanya upya. Mimi nilishika tochi."

Duka zima likalipuka kwa kicheko. Kinyozi aliegemea kioo akishika mbavu.

"Tochi! Jamani, Injinia leo kapiga chuku mpaka kajipita! Binti yule amfundishe yeye!"

"Ni kweli tupu," nikasema.

"Toka hapa! Tangu nikujue hujawahi kutuletea kubwa kama hii!" Akafuta machozi kwa taulo la wateja. "Kaa, kaa kitini. Leo nakunyoa kwanza, umenifurahisha."

Nikakaa. Nikafumba macho, nikamwachia kichwa.